Simba, morani na medali: jibu kwa mwalimu wa michezo wa Longido

Swali: "Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja ya kata wilayani Longido. Mwaka huu morani wa maboma ya jirani walimuua simba kwa mikuki, na wawili kati yao niliwahi kuwafundisha. Hakuna ng'ombe aliyeliwa. Walikwenda kwa sifa tu. Diwani ameniomba nianzishe ligi ya mpira ili vijana waachane na mambo hayo, na kuna mfadhili ameahidi jezi na mipira. Nasikia pia kwamba wenzetu wa Kenya wana Olimpiki ya Wamasai. Je, ligi itasaidia? Vijana wakiniuliza kwa nini wao wanakatazwa wakati wageni wanalipia kuwinda, nijibu nini? Na nianzie wapi, halmashauri au kwa wazee?"

Mwalimu, nianze na jezi kwa kuwa zimeshaahidiwa. Zipokee, ushukuru, uzitumie shuleni. Ila kama diwani anadhani jezi na mipira vitamtoa morani kwenye njia ya simba, basi amepiga hesabu zake bila kumuuliza morani mwenyewe.

Ligi inataka nini? Inataka watu kumi na mmoja, na wa akiba juu yao, wawe mahali pamoja kila wikendi kwa miezi kadhaa. Mwanafunzi wako anaweza. Kijana wa bodaboda pale Namanga anaweza. Morani anayechunga hawezi, maana kiangazi kikikaza ng'ombe wanahamia malisho ya mbali na yeye anahama nao. Ndiyo sababu hata UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, pamoja na mazuri yake yote, haimgusi kijana huyu. Hayumo kwenye daftari la mahudhurio la shule yoyote.

Lipo na la pili, zito kuliko hilo. Siku ya mechi anayeng'ara ni yule aliyezoea mpira tangu utotoni. Morani aliyekulia machungani anapigwa chenga mbili, watoto wanaangua kicheko, wasichana wanamshangilia mtoto wa mwenye duka. Umemwita kijana ambaye jamii nzima inamhesabu kuwa mlinzi wake, ukamfanya kituko hadharani. Jumatatu atatafuta pa kurudishia heshima yake, na wewe na mimi tunajua ataipata wapi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mchezo unaweza kuchukua nafasi ya kuwinda kwa sifa, na umeshaichukua ng'ambo tu ya mpaka wenu. Lakini kwa sharti moja. Umpe kijana kile kile alichokifuata kwa simba, mbele ya watu wale wale ambao macho yao anayajali.

Alichokifuata wewe unakijua kuliko mimi, unaishi nao. Nakitaja kwa ajili ya wasomaji wengine. Olamayio, yaani uwindaji wa simba unaofanywa na kikundi cha morani, ulikuwa mtihani wa hadharani. Aliyetangulia kumchoma simba alirudi na jina, na jina hilo likaingia kwenye nyimbo. Wasichana walilijua. Wazee waliendelea kulitaja hata mwenyewe alipoota mvi. Manyoya ya shingo ya simba dume yaligeuzwa kofia ya kuvaliwa kwenye sherehe, na rika zima likapata la kujitapia mbele ya rika lililotangulia. Kijana hana cheti, hana cheo, ng'ombe bado ni wa baba yake: hiyo ndiyo ilikuwa mali pekee aliyoweza kuichuma kwa mkono wake mwenyewe. Ukimkataza bila kumpa nyingine, unamwambia akae hivyo hivyo mtupu.

Na wazee wana lao. Barazani wanakataza, tena mbele ya afisa wanyamapori wanakataza kwa sauti kubwa. Jioni, kwenye moto, mzee huyo huyo anasimulia jinsi alivyomkabili wake: simba alivyonguruma, ngao ilivyopasuka, nani alikimbia na nani alibaki. Vijana wanasikiliza hata kupepesa macho hawapepesi. Nimewahi kukaa kwenye mioto ya namna hiyo, na katazo la asubuhi halifui dafu mbele ya hadithi ya usiku.

Ndiyo maana kilichotokea Amboseli, kusini mwa Kenya, kinafaa kusomwa kwa makini. Mwaka 2008 wazee wanaoitwa menye layiok, wale wanaochaguliwa kuwalea na kuwafunda morani wa rika moja, ndio waliowafuata watu wa uhifadhi waliokuwa wakifanya kazi Mbirikani, kazi ambayo leo iko chini ya shirika la Big Life. Waliomba wasaidiwe kuuondoa uwindaji wa simba katika malezi ya morani. Ombi lilitoka kwa wazee. Naweka mkazo hapo kwa sababu miradi mingi niliyoiona ikifa ilianza kinyume: mfadhili ana wazo, ofisi ina fomu, na mzee wa mila anaalikwa siku ya uzinduzi aje apigwe picha.

Mazungumzo yao yalizaa Olimpiki ya Wamasai. Ya kwanza ilifanyika Desemba 2012 katika hifadhi ya Sidai Oleng, Kimana, chini kabisa ya Kilimanjaro, upande wa kaskazini wa mlima mnaoutazama ninyi. Tangu hapo imekuwa ikifanyika kila baada ya miaka miwili, ikasimama wakati wa korona, ikarudi 2022. Morani wanakuja kwa manyatta zao, yaani kambi za morani, kutoka sehemu kama Mbirikani, Kuku na Rombo, baada ya mchujo wa huko kwao. Wanakimbia mita 200, mita 800 na kilomita 5, wanatupa mkuki, wanatupa rungu, wanaruka juu. Wasichana nao wana mbio zao, mita 100 na mita 1,500.

Tazama hiyo orodha kwa jicho la mwalimu wa michezo. Hakuna hata kimoja ambacho morani anakuja kukianza upya. Kukimbia umbali ni kazi yake ya kila siku, mkuki na rungu havimtoki mkononi, na kuruka ndiyo ngoma yake. Hapa anayechekwa ni mgeni atakayejaribu.

Kuruka kwenyewe kunastahili maneno zaidi. Inasimikwa miti miwili, kamba ikapita katikati. Morani haji mbio, hapindi mgongo kama warukaji tunaowaona kwenye televisheni. Anasimama chini ya kamba, amenyooka, mikono ubavuni, anaruka wima mara moja, mara mbili, kama anavyofanya kwenye ngoma, wenzake wakimwimbia kwa ule mngurumo wa kooni. Kisha kwa mruko mmoja anaitafuta kamba kwa utosi. Akiigusa, kamba inapandishwa. Asipoigusa, kila mtu kaona. Mzee asiye na miwani wala kisomo hahitaji kuelezwa na mwamuzi ni nani aliyeshinda, na bibi aliyekaa chini ya mgunga naye anajua. Hiyo ndiyo maana ya hadharani niliyoitaja kule juu. Mchezo ambao matokeo yake lazima yafafanuliwe na mtu mwenye kipaza sauti hauwezi kushindana na simba aliyelala chini.

Mlezi wa michezo hii amekuwa David Rudisha. Yeye ni Mmasai wa Kilgoris, na mwaka ule ule wa 2012, mwezi Agosti, alikuwa ametoka kushinda mita 800 kwenye Olimpiki ya London kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Miaka minne baadaye akachukua dhahabu ya pili. Kijana wa Kimana alipomwona amesimama pale, alimwona mtu wa lugha yake aliyepata jina kubwa kuliko jina lolote la simba, na amelipata kwa miguu. Ninyi Longido huenda msimpate Rudisha. Lakini mtafuteni mtu wenu, hata kama ni mwanajeshi mstaafu aliyewahi kukimbia mbio kwa niaba ya jeshi, mradi awe ametoka kwenye boma linalojulikana.

Zawadi nazo zilifikiriwa. Mshindi anapata medali na fedha, lakini timu inayoibuka na ushindi wa jumla inapewa dume la mbegu. Ng'ombe dume kwa Wamasai ni kitu kinachoonekana asubuhi na jioni, kinazaa, na kila ndama wake anaitwa wa ushindi ule. Ningekuwa wewe ningerudi kwa mfadhili nikamwomba kwa adabu apunguze jezi, aongeze dume.

Sasa nikutahadharishe, usije ukaniambia baadaye kwamba nilikuuzia michezo kama dawa ya kila ugonjwa. Simba wa Amboseli hawakuokolewa na medali peke yake. Tangu 2003 pale Mbirikani kulikuwa na mfuko wa kuwafidia wafugaji sehemu ya thamani ya mifugo iliyoliwa, na mfuko huo ulikuwa na meno: akiuawa simba, haumii muuaji tu, malipo ya majirani zake nayo yanasimama. Kisha likaja shirika la Lion Guardians, lililoanzishwa na watafiti Leela Hazzah na Stephanie Dolrenry, likaajiri morani wafuatilie nyayo za simba, wawaonye wachungaji wasipite upande huo, watafute mifugo iliyopotea usiku kabla simba hawajaipata. Baadhi ya walioajiriwa walikuwa wameshaua simba. Leo wao ndio wanaowapa simba majina. Michezo iliingia 2012 kwenye shamba lililokwisha kulimwa.

Lile sharti la majirani kuumia pamoja linanikumbusha kisa cha mbali sana na Longido. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1835 iliyoharamisha kuwapambanisha wanyama, lakini mji wa Stamford uliendelea na mchezo wake wa kila Novemba wa kumkimbiza fahali mitaani, hata serikali ilipopeleka askari. Mchezo ulikoma baada ya 1839, pale wenyeji walipochoka kubebeshwa gharama za askari hao na kuahidi wenyewe kuuacha. Sheria ilikuwepo miaka yote hiyo. Kilichobadilika ni kwamba kila mwenye nyumba alianza kulipa kwa ajili ya furaha ya wachache, na kila mwenye nyumba akawa polisi.

Turudi kwetu. Kuna vifo vya simba ambavyo mchezo wowote hauvigusi, navyo ni vya kisasi. Mei 2023, katika kaunti ya Kajiado, simba kumi waliuawa ndani ya wiki moja. Sita kati yao waliuawa eneo la Mbirikani baada ya kuua mbuzi kumi na mmoja. Mwingine alikuwa Loonkiito, simba dume wa miaka kama kumi na tisa, mmoja wa simba wazee kabisa waliojulikana kuishi porini. Alitoka hifadhini kwa njaa ya uzee, akaingia bomani, akachomwa mikuki. Huko ndiko kwenye michezo, kwenye fidia, kwenye walinzi wa simba. Aliyepoteza mbuzi kumi na mmoja usiku mmoja hatafuti jina. Ana hasira, na ana watoto wa kulisha.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili haya tangu siku ya kwanza, la sivyo siku ng'ombe atakapoliwa na simba akauawa, watu watasema michezo yako imeshindwa. Kwa kisasi dawa ni nyingine. Ni boma imara: kule Simanjiro, shirika la African People & Wildlife limesaidia familia nyingi kujenga maboma ya miti hai iliyofungwa wavu wa waya, na simba anapozunguka usiku hapati pa kuingilia. Ni taa zinazowaka na kuzima kwa zamu, kama zile alizobuni Richard Turere akiwa mtoto anayechunga ng'ombe wa baba yake kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Na kwa Tanzania ni kifuta jasho, ambacho kipo kisheria kwa kanuni za 2011, ingawa kila mfugaji atakwambia kinachelewa na ni kidogo. Unachoweza kufanya wewe kama mwalimu ni kuwasaidia wasiojua kuandika watoe taarifa mapema, ipitie serikali ya kijiji hadi kwa afisa wanyamapori wa wilaya, picha za mzoga na nyayo zikiwa zimeambatishwa. Si michezo hiyo, lakini inakujengea imani kuliko hotuba yoyote.

Tena uwe macho na kesi za katikati. Tangu kuua simba kuwe kosa, vijana wanaokwenda kwa sifa wamejifunza kusubiri ng'ombe aguswe, wapate kisingizio. Ndama kakwaruzwa, na morani arobaini wako porini. Nani atajua walichokifuata? Wazee wanajua. Ndiyo sababu hukumu hiyo waachiwe wao.

Nije kwenye swali lako gumu zaidi. Vijana wanauliza: kwa nini sisi tunafungwa na tajiri kutoka nje analipa, anaua simba, anapiga naye picha na kuondoka na ngozi? Wenzako wa Kajiado hawakuwahi kuulizwa hivyo, kwa sababu Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote wa kitalii mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa leseni, na vijana wa Longido hawahitaji kuambiwa: wamesikia habari za tembo madume wenye pembe ndefu waliopigwa risasi na wageni upande wetu wa mpaka wa Amboseli kati ya 2023 na 2024.

Usikwepe. Ukianza kuzungumza habari za mapato ya taifa watainamisha vichwa kwa heshima na hawatakusikiliza tena. Waambie kweli: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka leseni, na wao hawana leseni, hilo linaweza kuwauma, na kuna watu wazima wenye elimu ambao nao linawauma. Waambie pia kwamba mgao wa vijiji kutokana na uwindaji wa kitalii ni haki yao kuuliza kwenye mkutano wa kijiji na kwenye vikao vya jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ya Enduimet, kwa takwimu, si kwa mkuki. Mimi binafsi naona shida kumwambia kijana kwamba ushujaa wa babu yake ni ukatili halafu bunduki ya mgeni ni uhifadhi, na sikushauri useme hivyo. Sababu ya kuacha olamayio ambayo nimeona ikiwaingia ni moja: simba ni wachache, morani ni wengi kuliko zamani. Sensa ya wanyamapori ya Kenya ya 2021 ilihesabu simba 2,589 nchi nzima. Mwambie kijana agawe idadi hiyo kwa morani wote wa Kimasai, wa Kisamburu na wengineo, halafu akwambie mwanawe atamwona wapi simba.

Sasa utekelezaji. Sitakupa mpango wa kurasa ishirini. Ningeanza na mambo matatu tu ya kushindania: kuruka kwenye kamba, mbio ndefu na mkuki. Rungu lije mwaka unaofuata. Washindane boma kwa boma kwanza, kisha kijiji, kisha kata, kwa sababu thamani yote iko kwenye miezi ya mchujo, wakati kila jioni mtu anafanya mazoezi na kila mtu anabishana nani atakwenda. Fainali ni siku moja. Chagueni wakati ambao nyasi zipo karibu na nyumbani. Kimana wanafanya Desemba, na kwenu Desemba shule nazo zimefungwa.

Waamuzi watoke kata nyingine. Hili halina mjadala.

Mikuki itakutesa kama hukujiandaa. Mkuki wa Kimasai una bapa refu la chuma mbele na chuma kirefu nyuma, na ni mzito kuliko mkuki wa mashindano ya kimataifa wenye gramu 800. Tena kila mtu ana wa kwake, huyu mzito, yule mwepesi. Kila mmoja akitupa wa kwake mtamaliza siku kwa ugomvi. Mwombeni mhunzi mmoja atengeneze mikuki michache ya uzito mmoja, ndiyo hiyo itumike na wote. Pigeni chokaa mistari miwili inayofunguka mbele ya mtupaji, watazamaji wote wawe nyuma yake, na asiokote mtu mkuki mpaka bendera ishushwe. Watoto wa Kimasai hawaogopi mikuki, na hapo ndipo hatari ilipo. Akijeruhiwa mtoto mmoja, mambo yote yameishia hapo.

Wasichana wasiwe wapiga makofi. Wapeni mbio zao na zawadi za uzito ule ule. Lakini kuna kazi nyingine ambayo ni wao na mama zao tu wanaoiweza. Sifa ya morani inakaa kwenye wimbo. Wakiendelea kumwimba aliyeua simba na aliyeshinda mbio akapewa cheti cha karatasi kilichosainiwa na mtendaji wa kata, unajua cheti kitaishia wapi. Nenda kwa akina mama mapema, waulize kama wako tayari kumtungia wimbo atakayegusa kamba ya juu kuliko wote, jina lake na jina la baba yake vikiwemo. Usiwatungie wewe. Na siku ya fainali ratiba itoe nafasi ya wimbo huo kabla ya hotuba ya mgeni rasmi, kwa sababu mgeni rasmi atachelewa, akifika atazungumzia barabara, na jua litakuwa limezama.

Kuhusu adhabu, pendekezo langu ni kwamba boma ambalo morani wake wameua simba kwa sifa likae nje msimu mzima, lote. Linaonekana kali, lakini ndilo litakalomfanya kaka amzuie mdogo wake. Hata hivyo lisitoke mdomoni mwako. Litamkwe na wazee, wakilikubali, na kama wana lingine la kuweka mahali pake waacheni waweke.

Wale wanafunzi wako wawili, sheria na wazee watamalizana nao kila upande kwa njia yake. Wakishamalizana nao, wawe wa kwanza kuitwa kwenye mchujo. Kijana aliyethubutu kumsogelea simba ana miguu na moyo unaouhitaji, na wadogo zake watamtazama yeye kabla ya kukutazama wewe.

Na mpira? Sijausukuma mbali kwa chuki. Kule Laikipia, Kenya, kuna morani waliojifunza kriketi, mchezo ambao babu zao hawakuwahi kuusikia, wakaucheza wakiwa wamevaa shuka na shanga zao, wakautumia kuzungumzia ukeketaji na ndoa za utotoni katika jamii zao. Mchezo wa kigeni unaweza kupokelewa. Ila waliupokea wote wakiwa hawaujui, wakaanza pamoja kutoka sifuri, hakukuwa na mtoto wa mwenye duka wa kuwapiga chenga. Mpira wenu una wenyewe tayari. Uachie shule, uachie Namanga, na ukitaka kuwaleta morani uwanjani siku moja, acha waje kama mabingwa wa kitu chao wanaojaribu kingine.

Swali lako la mwisho ndilo rahisi. Wazee kwanza. Anzia kwa laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, wa rika la morani wa sasa, kisha wazee walezi wao, na uende na mtu wanayemheshimu, usiende na diwani. Usiende na wazo kamili. Waulize wao waliacha nini, walipoteza nini, na wanataka rika hili likumbukwe kwa lipi; ukisikia mmoja anasema "lakini watoto wa leo hawajui hata kuruka", umeshapata mlango. Ukitoka hapo nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata, halafu kwa afisa utamaduni na michezo wa wilaya. Barua ya halmashauri iandikwe mwisho, ikiwa na majina ya wazee hao chini yake, nakala kwa ofisi ya jumuiya ya Enduimet na kwa afisa wanyamapori. Na kwenye barua hiyo hiyo usisahau kuomba muuguzi na gari kutoka kituo cha afya kwa siku ya mikuki.